Urafiki wa shule: mkiwa wawili hamfiki mbali, tafuteni wa tatu

Ntasema ukweli, haya mambo ya shule rafiki za ng'ambo yalikua yashanichosha. Nimefundisha huku Lamu miaka ya kutosha kuona yanavyoanza na yanavyoisha. Anakuja mgeni msimu wa Desemba, amefikia kijiji cha Shela, siku moja anaingia shuleni na kofia yake, anapiga picha na watoto, anamwambia hedi kule kwao kuna shule ingependa sana kujuana na sie, basi mnaandikiana barua pepe mbili tatu, inakuja boksi la kalamu na vitabu vya hadithi za theluji, mnapiga picha na boksi, mnatuma, wanafurahi, halafu kimya. Kuna boksi moja lilikaa bandarini Mombasa mpaka gharama za kulitoa zikapita thamani ya vilivyomo, hedi wetu akauliza kwa upole kama zawadi inaweza kukataliwa.

Na si kwamba wale watu ni wabaya, wengi ni watu wazuri sana. Shida ni kwamba mkiwa shule mbili tu, moja Ulaya moja huku, hata mkianza na nia safi vipi, baada ya muda kila mtu ashakaa kwenye kiti chake, wao watoaji sie wapokeaji, wao wanauliza sie tunajibu. Mtoto analishika hilo haraka kuliko mwalimu. Mwambie mtoto wa Gredi 6 amuandikie rafiki wa ng'ambo, mstari wa kwanza salamu, wa pili jina la shule, wa tatu ashaomba viatu vya mpira. Na simlaumu, kashaona wakubwa wake wanavyofanya.

Kilichobadilisha mambo kwetu ni shule ya tatu, nayo haiko Ulaya, iko Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi.

Nilijuana na mwalimu wa kule kwenye grupu ya WhatsApp ya walimu wa Kiswahili, tulikua tunabishana kuhusu ngeli, unajua grupu za walimu zilivyo, watu wanabishana kuhusu ngeli mpaka saa sita za usiku. Jamaa ni Mkongo, aliingia kambini akiwa mtoto, kasoma hapohapo na sasa anafundisha hapohapo, yeye ni mwalimu wa insentivu, ndivyo wanavyoitwa walimu wakimbizi kwa sababu hawalipwi mshahara kama sie, wanapewa kitu kidogo cha kuwatia moyo na kazi ni ileile. Darasa lake lina watoto zaidi ya mia. Mie nikiwa na hamsini nalia.

Kwa asiejua, Kakuma iko Turkana, juu kabisa kaskazini magharibi, na sie tuko huku pwani mpakani na Somalia, yaani ukitaka kwenda kwa basi unaivuka Kenya nzima kona kwa kona. Kambi ya Dadaab kule Garissa ilifunguliwa 1991 kwa waliokimbia vita vya Somalia, Kakuma ikafuatia 1992 kwa wale vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan. Leo ukijumlisha na Kalobeyei, yale makazi mapya ya pembeni, kuna karibu watu laki tatu, wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia. Na watoto wao wanasoma silabasi hiihii yetu, wanafanya KPSEA hiihii, ule mtihani wa kitaifa wa Gredi 6. Nilipolitaja hilo stafrumu mwenzangu mmoja akaniuliza "kwani wana shule?" Wanazo, ila si wote wanaoziingia. Hesabu ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2023 ilisema duniani kuna watoto wakimbizi milioni 14.8 wa umri wa shule, na zaidi ya nusu yao hawako darasani.

Na sie watu wa Lamu tusijifanye haya mambo tunayasikia redioni. Vita vya Somalia vilipochacha, Wabajuni na Wabarawa walikuja kwa majahazi kutoka Kismayu na kwengineko, wakashuka Lamu, Malindi, Mombasa, kila mwenye jamaa akatafuta mlango wa jamaa yake. Mama yangu mpaka leo akihadithia anasema ukumbi wote ulikua mikeka. Kabla ya hapo, miaka ya sitini, ilikua vita vya shifta, vya waliotaka kujitenga wajiunge na Somalia, watu wa Ishakani, Kiunga na vijiji vingine vya bara wakahamia visiwani na wengine hawakurudi tena. Na juzijuzi tu, kuanzia 2014, shule za wadi ya Basuba zilifungwa miaka kwa miaka kwa sababu ya usalama, watoto wa jamii ya Waboni wakabaki nyumbani. Kwa hivyo nilipowaambia darasa langu kwamba tutaandikiana na shule ya kambini, msichana mmoja ambae kwao asili ni Kiunga akasema bila hata kunyanyua mkono, "Mwalimu, hata babu alikimbia." Mwengine akadakia, na mwengine, kipindi kikaisha hatujafungua kitabu.

Ile ya Ulaya ni ya Uholanzi, ya msingi, mji mdogo. Ilikuja kwa ile njia ya kawaida, mzazi wa kule huwa anakuja Lamu. Mwalimu wao akaandika anataka shule moja Afrika. Nkamjibu tuko tayari lakini tunakuja wawili, sie na Kakuma, ukituchukua tuchukue wote. Akauliza kama haitakua ngumu. Nkamwambia itakua ngumu. Akakubali, na kwa hilo mpaka leo namheshimu.

Tukakubaliana mada iwe maji, na hapa ndipo mambo yaliponoga.

Kila shule ilipewa kazi moja: eleza maji yanafikaje nyumbani kwenu. Wetu wakaeleza visima vya Shela, kwamba mji wa Amu, yaani Lamu mjini, unakunywa maji ya mvua yaliyochujwa na yale matuta ya mchanga, na kwamba watu wakizidi kujenga juu ya matuta, maji yatakua ya chumvi, na maji ya visima vingi mjini yashakua ya chumvi. Mtoto mmoja ambae babake ni wa Faza akaeleza jabia, lile tangi la maji ya mvua, vile linavyokinga mvua na maji yanavyokaa. Halafu mwengine akaeleza birika la chooni, lile tangi la maji ya kuogea, na wale samaki wadogo wanaofugwa ndani ili wale viluwiluwi vya mbu. Subhanallah, wale watoto wa Uholanzi kwa samaki wa birika walipagawa! Tulipata maswali ya samaki mpaka tukachoka, samaki anaitwa nani, anakula nini mbu wakiisha, ukioga sabuni haimuui. (Haimuui kwa sababu huogi ndani ya birika, unachota na kata, ikabidi tuwachoree.)

Wa Uholanzi nao wakaeleza kwao, na darasa langu halikuamini. Kwamba karibu robo ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari. Kwamba mwaka 1953 bahari ilivunja kuta usiku na watu 1,836 wakafa. Kwamba kuna bodi za maji zilizoanza karne ya 13, zina uchaguzi wake na kodi yake, na kazi yake moja kubwa ni kuyapiga pampu maji yatoke nje. "Wanalipa maji yaondoke?" akauliza mtoto. Ndio, wanalipa yaondoke. Na kwamba wao kuogelea wanasomea, wanafanya mtihani, wanapewa cheti, kwa sababu mifereji iko kila mahali. Hapo darasa zima likacheka, mtoto wa Amu akupe cheti cha kuogelea nani, yeye kajifunzia gatini kwa kurushwa na ndugu zake.

Kakuma wakaeleza foleni. Maji yanatoka visima virefu vya pampu, yanakuja kwenye mabomba ya mtaa kwa masaa yake, na kila nyumba inapanga madumu yake tangu alfajiri, na dumu lina alama, rangi au kitambaa kwenye mkono wake ili mtu asiruke foleni. Wasichana ndio wanaotumwa zaidi na ndio wanaochelewa darasani. Na laga (mto wa msimu) ya Tarach ambayo mwaka mzima unaivuka kwa miguu ni mchanga mtupu, mvua ikinyesha milimani huko mbali inashuka ghafla na kubeba vibanda.

Halafu tukahesabu. Kila mtoto ahesabu maji ya nyumbani kwao siku moja, kipimo dumu la lita ishirini, tugawe kwa idadi ya watu. Kiwango kinacholengwa kambini na UNHCR ni lita ishirini kwa mtu kwa siku, yaani dumu moja kamili, kupika, kunywa, kuoga, kufua, yote humo. Wetu walikuja na hesabu za kila aina, wenye bomba juu, wa kisimani chini. Uholanzi mtu mmoja anatumia lita mia na ishirini hivi, madumu sita.

Tukatuma hesabu kwa wote. Siku ya pili ikaja voisi kutoka Kakuma, sauti ya mvulana, nyuma kelele za darasa: "Hayo madumu sita, nani anayabeba?"

Mwalimu wa Uholanzi akaniambia alipowatafsiria darasa lake lilinyamaza, maana jibu ni hakuna. Wakatafuta dumu, wakalijaza, wakapokezana kulizungusha uwanjani. Walituma vidio, miguu tu na dumu linayumba, maji yanamwagika kwenye viatu. Wetu wakaangalia kwa makini kabisa kama mechi, halafu mmoja akasema watumiwe punda.

Umeona hapo? Kwa mara ya kwanza wale wa kambini ndio waliokua wataalamu. Wanajua lita kwa kichwa, wanajua dumu linachukua dakika ngapi kujaa bomba likiwa na presha ndogo, wamewasahihisha wetu hesabu na wamewasahihisha Wazungu hesabu. Na sie hatukua maskini wa mtu, tulikua katikati, kuna anaetuzidi na kuna tunaemzidi na kuna mambo ambayo wote wawili wanatuuliza sie. Ungeniambia nikae na Uholanzi peke yetu nisingeyapata haya wallahi, tungekua tushafika kwenye boksi la kalamu.

Kuhusu lugha, kitu ambacho sikutegemea: Kiswahili ndicho kilichokua kikubwa. Sie na Kakuma tunaongea moja kwa moja, wao wana Kiswahili chao cha Kongo na cha shuleni, wetu wana Kiamu chao, wanachekana lafudhi lakini wanaelewana, na Waholanzi ndio wanaosubiri kutafsiriwa. Watoto wetu hawajazoea kuona Mzungu anasubiri kutafsiriwa. Niliwaacha wafurahi nalo.

Sasa mambo magumu, maana msije mkaanza mkidhani ni samaki na madumu tu.

Picha. Mwalimu wa Kakuma alisema mapema, sura za watoto hapana. Kuna familia zimekimbia watu wanaowatafuta mpaka leo, picha ikiingia mtandaoni huirudishi. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 nayo inataka idhini ya mzazi kwa data ya mtoto, lakini hata bila sheria jambo liko wazi. Mwalimu wa Uholanzi akasema sawa, sura za Kakuma tutazificha. Mie nkakataa. Ukificha za shule moja tu ushawatia alama. Ama sura za wote ziwepo ama za wote zisiwepo, basi tukakubaliana hakuna sura hata moja, mikono, miguu, madumu, michoro. Mzazi mmoja wa kwetu alilalamika anataka mwanawe aonekane Ulaya. Nkamwambia mikono yake ya hina imeonekana.

Maswali. Barua za kwanza za Uholanzi zilikuja na swali moja limerudiwarudiwa, mbona ulikimbia na ulijisikiaje. Mwalimu wa Kakuma hakuzigawa. Alinipigia, akasema, mwalimu, mie darasani kwangu nna mtoto akisikia mlango ukifungwa kwa nguvu anaingia chini ya deski, sitamuuliza swali hilo kwa ajili ya projekti. Tukaweka sharti, mtoto akitaka kusema mwenyewe aseme, kumuuliza hapana. Na walisema kwa wakati wao, wengine katikati ya habari za maji kabisa, "kwetu mto ulikua karibu", halafu anaendelea na foleni.

Pesa, hii ndio iliyotaka kutuvunja. Mwaka 2025 mgao wa chakula kambini ulikatwa vibaya sana, misaada kutoka nje ilipungua, na madarasa yakaanza kupungua watoto. Voisi zikawa hazijibiwi. Tulipowaeleza Uholanzi, darasa lao likataka kuuza keki wachange. Unawezaje kumkataza mtoto huruma? Lakini mwenzetu wa Kakuma akasema, "Kaka yangu na dada yangu, wakubwa mkitaka kusaidia saidieni, mashirika yapo, msipitishie kwa watoto. Kesho mwanafunzi wangu ataogopa kumwambia rafiki yake hesabu amekosea." Kuna waliosema ni maringo. Mie naona alisema kweli tupu. Wazazi wa kule waliotaka walitoa kupitia mashirika yaliyo kambini, watoto hawakuhusishwa, na sie tukasimamisha kazi mpaka Kakuma wenyewe waliposema tuendelee.

Na safari. Kila urafiki wa shule unafika mahali mtu anasema tutembeleane, na hapo ndipo unapoujua ulimwengu. Wale wa Uholanzi wakitaka Lamu wanapanda ndege, kinachowazuia ni ilani za usafiri za serikali zao, maana Lamu kaunti imo mara nyingi na bima ya shule haitaki kusikia. Wetu wakitaka kwenda kwao ni viza ya Schengen, taarifa za benki za mzazi ambae ni mvuvi. Wa Kakuma kutoka nje ya kambi tu wanahitaji kibali, hata kwenda Kitale. Tuliliandika hilo ubaoni, mistari mitatu, nkawaacha watoto wenyewe waulize. Safari haikupangwa.

Kwa upande wa mitambo, ushauri wangu ni mmoja, sahau simu za vidio. Tulijaribu, stima ikakatika huku, ikirudi kwetu Kakuma sola ishaisha, Uholanzi wanatutazama sie tunatazama duara linazunguka. Voisi ndio mpango. Bando dogo, inasubiri mtandao, mtoto anairekodi mpaka aridhike, na mwenye haya anajificha nyuma ya mlango anaongea. Saa nazo, Uholanzi wako nyuma yetu saa moja au mbili kutegemea majira yao, Jumatano mchana shule nyingi za msingi za kwao zimefungwa, Ijumaa sie tunawahi msikitini, Ramadhani kila kitu kinasogea. Na mwaka wao unaanza Agosti au Septemba wetu Januari, kwa hivyo darasa mlilozoeana nalo linavunjika katikati ya mwaka wenu. Anzeni Januari mumalize Juni, muhula wa tatu muwachie mitihani.

Watu wananiuliza wapate wapi shule za kuungana nazo. Njia ziko nyingi. UNESCO wana mtandao wa shule tangu 1953, iEARN walianza 1988 kwa kuunganisha shule za New York na Moscow wakati wa vita baridi, eTwinning ya Ulaya ni ya 2005. Kwa upande wa kambi, Vodafone Foundation na UNHCR walianza zile Instant Network Schools mwaka 2013, zina madarasa yenye tableti na intaneti, Dadaab na Kakuma zipo. Kuna na mwalimu Mbelgiji, Koen Timmers, alianza kuwafundisha watoto wa Kakuma kwa Skype akiwa kwao, akavuta walimu wa nchi nyingi. Kazi nzuri hiyo, ila mie napenda zaidi watoto waongee wao kwa wao, mwalimu wa mbali wanae tayari, kwenye redio. Na uongozi wa kambi lazima ujue, usipite kichochoroni, anaepata matatizo ni mwalimu wa kule, si wewe.

Sa hii tunapanga mada ya pili na tayari kuna ugomvi. Uholanzi walitaka hali ya hewa, wetu wakasema tena? Kakuma wakataka mpira, Uholanzi nusu ya darasa hawachezi. Mwisho msichana mmoja wa Kakuma akapendekeza "unafikaje shule", wote wakakubali, kwa sababu Uholanzi ni baiskeli, Kakuma ni miguu na bodaboda, kwetu ni punda na boti. Kazi ya kwanza ni kuhesabu vinavyopita mbele ya geti asubuhi kwa nusu saa. Waholanzi washatuma jedwali lao la baiskeli, limepigwa mistari vizuri mpaka linaudhi. Sie bado tunabishana kama punda aliepita kwenda akarudi na mzigo anahesabiwa mara moja au mara mbili.